Seva inapoamini diski ni yake peke yake: maneno ya SAN na maana yake

Swali: Nasimamia seva sita, kila moja ikiwa na diski zake ndani. Sasa tumeletewa hifadhi ya SAN. Fundi aliyekuja kuifunga alitaja LUN, WWN, zoni, fabriki na njia nyingi, nami nikawa naitikia tu. Naomba unieleze kuanzia mwanzo, na unitofautishie SAN na NAS. Jambo jingine: nikiiunganisha LUN moja kwenye seva mbili, si zote mbili zitaona mafaili yaleyale na kuyatumia pamoja?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukupotezea data, na ukilielewa jibu lake, nusu ya maneno ya yule fundi yatajieleza yenyewe. Jibu ni hapana. Usifanye hivyo hata kwa kujaribu, kama LUN hiyo, yaani diski ambayo hifadhi ya SAN huipa seva, ina data unayoihitaji.

Diski, iwe ndani ya seva au mbali nayo, haijui faili ni kitu gani. Inajua bloku tu: vipande vya ukubwa mmoja, kwa desturi ya zamani baiti 512 na siku hizi mara nyingi baiti 4096, vilivyopangwa kwa namba kuanzia sifuri. Seva huiambia diski "nisomee bloku namba fulani" au "andika baiti hizi kwenye bloku namba fulani", na mazungumzo yao yanaishia hapo. Majina ya mafaili, folda, ruhusa na tarehe ni kazi ya mfumo wa mafaili, kama ext4, XFS au NTFS, unaoendeshwa ndani ya seva yenyewe. SAN, yaani mtandao wa hifadhi, huyachukua mazungumzo hayo ya bloku na kuyapitisha kwenye kebo na swichi hadi kwenye kabati la diski. Seva huona diski ya kawaida. Huigawa patisheni, huifomati, huipachika (yaani huiunganisha na folda zake ili itumike), na haina habari kwamba diski hiyo iko chumba cha pili.

NAS imegeuza mpangilio huo. Mfumo wa mafaili unakaa upande wa hifadhi, na seva huomba faili kwa jina lake kwa kutumia itifaki kama NFS au SMB. Kwa kuwa msimamizi wa mafaili ni mmoja, yeye ndiye anayeamua nani aandike sasa na nani asubiri, ndiyo maana mashine nyingi huweza kutumia folda moja kwa usalama. Wengi hueleza tofauti ya SAN na NAS kwa kasi au kwa aina ya kebo. Mimi naona maelezo hayo humpoteza mwanafunzi, kwa sababu zipo NAS zenye kasi kubwa na SAN zinazopita kwenye swichi za kawaida za Etheneti. Jiulize tu mfumo wa mafaili uko upande gani wa kebo.

Turudi kwenye LUN yako moja na seva zako mbili. Ext4 ilitungwa kwa imani kwamba hakuna mwingine anayeigusa diski ile. Kwa hiyo huiweka ramani ya bloku zilizo wazi kwenye kumbukumbu ya seva, na haina sababu ya kurudi kuisoma upya kila mara. Seva ya kwanza inaona bloku namba 500,000 iko wazi, inaandika humo. Seva ya pili ina ramani yake ya tangu asubuhi, nayo inaona bloku ileile iko wazi, inaandika juu yake. Hakuna atakayepata ujumbe wa kosa. Kabati limetii amri zote mbili ipasavyo. Utajua siku utakapowasha seva upya na kukuta mafaili yamechanganyikana matumbo. Kuipachika seva ya pili kwa kusoma tu hakukuokoi pia: ext4 huweza kurudia jarida lake, yaani daftari la mabadiliko ambayo hayajakamilika, wakati wa kupachikwa, hata kama umesema kusoma tu, na kurudia jarida ni kuandika kwenye diski.

Ipo mifumo ya mafaili iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hii, kama GFS2 na OCFS2 kwenye Linux, na VMFS inayotumiwa na VMware. Mifumo hii ina utaratibu wa kufuli ambao seva zote hupeana, na GFS2 na OCFS2 zina pia njia ya kuitenga seva iliyopoteza mawasiliano kabla haijaharibu kitu. Kama unachotaka ni folda ya pamoja tu, tumia NAS. Ni rahisi zaidi na utalala usingizi.

Sasa maneno yenyewe. Yashike kwa uzi mmoja: seva inaamini kwamba diski iko karibu, haipotei, na ni yake peke yake. Imani hizo tatu zote si za kweli kwenye mtandao, na karibu kila kifaa na kila istilahi ya SAN ipo ili kuzilinda.

Lugha inayozungumzwa kati ya seva na diski ni SCSI, iliyowekewa kiwango Marekani mwaka 1986, wakati diski na kompyuta ziliunganishwa kwa kebo pana ya mita chache. Anayetoa amri huitwa mwanzishaji, na anayezipokea huitwa mlengwa. Seva yako ni mwanzishaji, kabati ni mlengwa. Mlengwa mmoja huweza kuwa na diski nyingi nyuma yake, kwa hiyo kila moja hupewa namba, na namba hiyo ndiyo LUN. Kwa usahihi kabisa LUN ni namba tu, lakini mafundi wote huiita LUN diski yenyewe, nawe sema hivyohivyo. Hiyo diski nayo si diski moja ya chuma. Kabati hukusanya diski nyingi kwa RAID, mbinu iliyopewa jina na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko la mwaka 1988, kisha hukata humo vipande vya ukubwa unaoutaka. Unapoomba LUN ya terabaiti 2, unapata kipande kilichotandazwa juu ya diski pengine ishirini, ili moja ikifa data ibaki.

Kidhibiti ndicho kichwa cha kabati: kompyuta inayopokea amri, yenye kumbukumbu ya haraka iitwayo kache. Makabati ya maana huwa na vidhibiti viwili, na kila kimoja huwa na nakala ya kache ya mwenzake, ili maandishi ambayo hayajafika diskini yasipotee kimoja kikizimika.

Kadi inayokaa ndani ya seva na kuzungumza na mtandao huo huitwa HBA. Ni sawa na kadi ya mtandao, ila hii mfumo endeshi huiona kama kidhibiti cha diski. Kila poti ya HBA ina WWN, anwani ya biti 64 iliyochomwa kiwandani, nayo huandikwa kama jozi nane za tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Iandike WWN ya kila poti kwenye daftari kabla ya siku ya kazi, na ubandike lebo kwenye kadi. Makosa mengi niliyoitwa kuyarekebisha yalitokana na mtu kunakili tarakimu moja vibaya.

Mtandao wa jadi wa SAN ni Faiba Chaneli, uliopata kiwango chake mwaka 1994. Licha ya jina, unaweza kupita hata kwenye shaba. Swichi zake zikiunganishwa huitwa fabriki, yaani kitambaa, kwa kuwa njia zimesukwa na kupishana kama nyuzi. Poti ya seva ikiamka hujitambulisha kwenye fabriki, hupewa anwani fupi ya biti 24 ya kutumia humo, kisha huuliza swichi: ni walengwa gani ninaoruhusiwa kuwaona? Swichi hutunza orodha hiyo.

Kitu kinachonivutia zaidi kwenye Faiba Chaneli ni namna isivyotupa mizigo. Kwenye Etheneti ya kawaida, swichi ikielemewa hudondosha pakiti, na itifaki ya TCP huja baadaye kuituma tena. Kwa tovuti hilo halina shida. Kwa diski ni taabu, maana SCSI ilizaliwa kwenye kebo fupi ambako kitu hakipotei njiani. Kwa hiyo Faiba Chaneli hutumia salio: mpokeaji humwambia mtumaji mapema ana nafasi ya fremu (vifurushi vya data) ngapi, mtumaji hupunguza moja kila anapotuma, na hurudishiwa moja kila mpokeaji anapomaliza kuishughulikia. Salio likiisha, mtumaji husimama. Hakuna kinachomwagika. Lakini hapo ndipo ulipo ugonjwa mbaya wa SAN: seva moja ikiwa mvivu wa kupokea, fremu zake hukaa kwenye swichi zikishikilia nafasi, na msongamano hurudi nyuma hadi kwa seva zisizo na hatia. Ukiona seva tano zimekuwa nzito kwa pamoja bila sababu, tafuta ile ya sita.

Zoni sasa. Bila zoni, kila HBA ingewaona walengwa wote na hata HBA za wenzake, na kila poti inapowaka au kuzimika wote wangepigiwa kengele. Zoni ni orodha unayoiandika kwenye swichi: WWN hii iruhusiwe kuonana na WWN ile. Nakushauri kwa nguvu uweke mwanzishaji mmoja kwa kila zoni, pamoja na walengwa wake. Zoni zitakuwa nyingi na kazi ya kuandika itachosha, lakini tatizo la seva moja halitavuka kwenda kwa nyingine.

Zoni huishia kwenye poti. Hata ikikaa sawa, seva zako zote sita zinaweza kuwa na ruhusa ya kuongea na kabati lilelile, na humo ndani kuna LUN za kila mtu. Hatua ya pili hufanyika kwenye kabati lenyewe: unalieleza kwamba LUN hii ionyeshwe WWN hii tu, na wengine wafichwe. Huko ndiko kuficha LUN. Fundi akikuambia "zoni nimeshaweka" bila kutaja hatua hii, muulize. Windows ikiiona diski isiyoitambua huweza kumshawishi mtumiaji aianzishe upya, na diski ngeni ile inaweza kuwa hifadhidata ya idara nyingine. Zoni na kuficha ndivyo vinavyolinda imani ya kwamba diski ni ya seva hii peke yake.

Imani kwamba diski haipotei hulindwa na mpangilio uitwao njia nyingi, yaani kuipa seva njia zaidi ya moja ya kuifikia diski. Seva hupewa HBA mbili, au kadi moja yenye poti mbili, na kila poti huenda kwenye fabriki yake: A na B. Fabriki hizi mbili haziunganishwi pamoja hata kidogo, ili kosa la mtu aliyeharibu mipangilio ya A lisifike B. Niliwahi kukuta mahali kebo zote mbili za kila seva zimechomekwa kwenye swichi moja kwa kuwa ile ya pili ilikuwa juu na kebo zilikuwa fupi. Mchoro ukutani ulionyesha njia mbili. Swichi ile ilipozimika, seva zote zilipoteza diski kwa wakati mmoja. Fuata kebo kwa mkono wako, usiuamini mchoro.

Njia nyingi zina jambo litakalokushangaza siku ya kwanza. Tuseme fabriki A inakupeleka kwenye poti mbili za kabati, moja kwa kila kidhibiti, na B vilevile. Hizo ni njia nne, na Linux itakuonyesha LUN moja kama diski nne: sdb, sdc, sdd na sde. Zote ni kitu kilekile. Programu ya njia nyingi husoma kitambulisho cha kudumu cha LUN, hugundua kwamba ni moja, na kukupa kifaa kimoja cha juu, kama mpatha. Fomati hicho na upachike hicho. Kamwe usiiguse sdb moja kwa moja. Utaona pia kwamba baadhi ya njia zinapendelewa: kwenye makabati mengi kila LUN ina kidhibiti kinachoimiliki, na kupitia kidhibiti cha pili kunafanya kazi ila kwa mzunguko. Utaratibu wa kabati kuiambia seva njia ipi ni nzuri na ipi ni ya dharura huitwa ALUA.

Na imani ya kwamba diski iko karibu? Hapa tunaingia kwenye vipimo, ambavyo wauzaji huvichanganya. Kuna idadi ya maombi kwa sekunde, IOPS. Kuna kiasi cha data kwa sekunde. Kuna muda wa kusubiri jibu la ombi moja. Fanya hesabu mwenyewe: maombi 20,000 kwa sekunde ya kilobaiti 4 kila moja ni kama megabaiti 80 kwa sekunde. Njia moja ya Faiba Chaneli ya gigabiti 16 hubeba kama megabaiti 1,600. Kwa hiyo hifadhidata inayolalamika haijaijaza kebo hata kidogo, na kununua kebo pana zaidi hakutamsaidia mtu. Kinachoiumiza karibu kila mara ni muda wa kusubiri. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji wastani wa milisekunde 4.17 kwa bamba tu kufika chini ya kichwa, kabla hujahesabu mwendo wa kichwa chenyewe. Diski za flashi hujibu chini ya milisekunde moja. Mwulize muuzaji muda wa kusubiri wakati mzigo umejaa, usikubali namba ya IOPS peke yake.

Umbali nao una bei yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 5 kwa kilomita. Ukiwa na kabati la pili kilomita 100 kutoka la kwanza, kwenda na kurudi ni milisekunde 1, na uandishi wa SCSI kwa kawaida huhitaji safari mbili: moja ya kuomba ruhusa ya kutuma, nyingine ya data yenyewe. Urudufishaji wa papo kwa papo, ambao seva haijibiwi hadi kabati zote mbili zimeandika, hulipa gharama hiyo kwa kila andiko. Ndiyo maana kwa umbali mrefu hutumika urudufishaji wa kuchelewa, ambao kabati la karibu hujibu kwanza, nawe unakubali kwamba maafa yakitokea utapoteza sekunde au dakika za mwisho.

Huenda hifadhi yako si ya Faiba Chaneli. iSCSI, iliyotolewa rasmi kwa hati ya kiwango RFC 3720 mwaka 2004, huzifunga amri zilezile za SCSI ndani ya TCP, kwa kawaida kwenye poti 3260, na kuzipitisha kwenye swichi za Etheneti. Badala ya WWN utaona jina linaloanza na iqn, likifuatiwa na mwaka na mwezi na jina la kikoa lililogeuzwa. Kila nilichokwisha kusema juu ya LUN, kuficha na njia nyingi kinabaki palepale. Iipe VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, au, bora zaidi, swichi zake. Ukitaka fremu kubwa za baiti 9,000, hakikisha kila kifaa njiani kinazikubali, la sivyo utapata hitilafu ya ajabu: kuunganisha kunafaulu, kuandika mafaili madogo kunafaulu, makubwa yanakwama.

Utasikia pia NVMe, lugha nyingine ya kuzungumza na diski. Kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 2011 kwa ajili ya diski za flashi ndani ya kompyuta, na mwaka 2016 kikaja cha kuipeleka kwenye mtandao. Itifaki ya AHCI ya diski za SATA ilikuwa na foleni moja ya amri 32. NVMe huruhusu maelfu ya foleni zenye maelfu ya amri kila moja, kwa hiyo kila kiini cha prosesa huweza kuwa na foleni yake bila kugombania. Humo hakuna neno LUN, kuna namespesi, ila kazi ni ileile.

Mambo mawili ya kabati yatakufuata miezi michache ijayo. Ugawaji mwembamba ni kumwahidi kila mtu terabaiti ambazo bado hazipo: unatoa LUN za jumla ya terabaiti 40 ukiwa na 20, kwa kutarajia hazitajaa pamoja. Unafaa, mradi uwe na kengele. Bwawa, yaani nafasi halisi wanayochangia wote, likijaa, maandishi hukataliwa kwa wote wanaohitaji bloku mpya. Na kumbuka kabati halijui mafaili. Ukifuta faili la gigabaiti 500 ndani ya seva, kabati huendelea kuzihesabu bloku zake kuwa zinatumika hadi mfumo wa mafaili utume amri ya UNMAP, ya kusema bloku hizo hazihitajiki tena. Kwenye Linux, fstrim hufanya kazi hiyo.

Jambo la pili ni snapshoti, picha ya LUN kwa wakati fulani. Ni ya haraka kwa sababu hainakili chochote mwanzoni. Hushirikiana bloku na LUN hai, na huhifadhi za zamani tu pale zinapobadilishwa. Kwa sababu hiyohiyo si nakala rudufu. Kabati likiungua, vyote viwili vimekwenda.

Kabla hujagusa kabati jipya, jaribu nyumbani. Chukua mashine pepe mbili za Linux. Kwenye ya kwanza sakinisha targetcli, ambayo huifanya iwe mlengwa wa iSCSI, na kwenye ya pili open-iscsi, ambayo huifanya mwanzishaji. Wape kadi mbili za mtandao kila moja, weka programu ya njia nyingi, pachika mpatha, anzisha unakili wa faili kubwa, kisha katikati zima kadi moja. Unakili utasimama kidogo na kuendelea. Baada ya hapo zima zote mbili na usome kumbukumbu za mfumo: Linux huipa amri ya SCSI sekunde 30 kwa kawaida kabla ya kuanza kuhangaika. Tengeneza pia LUN ndogo isiyo na kitu cha maana, ongeza mashine pepe ya tatu yenye open-iscsi, ipachike ext4 yake kwenye ya pili na ya tatu kwa pamoja, andika mafaili pande zote, kisha ipachue na uendeshe fsck, programu ya kukagua mfumo wa mafaili.